Gololi Ndani ya Asali

Harufu ndiyo iliyompokea kwanza. Mpelelezi alikuwa hata hajagonga geti, Koplo yuko nyuma yake anahangaika na zipu ya jaketi iliyogoma, harufu ya nta na asali ikamjia usoni kama mtu wa nyumbani aliyechoka kumsubiri. Alisimama kidogo. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi nyingine, na geti la mbao limekuwa la chuma, lakini harufu ilikuwa ile ile ya enzi zile, alipokuwa akifika hapa asubuhi ameng'ang'ania gauni la mama yake, muosha chupa wa nyumba ya asali.

"Kuna tatizo, afande?" Koplo aliuliza.

"Hakuna. Gonga."

Mchana wa siku hiyo Kobe, mpimaji wa nyumba hiyo, alikuwa apandishwe mahakamani kwa wizi. Kilichoibwa ni muhuri wa shaba, ule unaogandamizwa kwenye nta ya kifuniko. Chupa ikiwa na alama ya muhuri huo, mnunuzi haulizi tena kama asali ni halisi. Na mtu mwenye muhuri huo anaweza kujaza chupa kwa maji ya sukari yaliyochemshwa akauza kwa jina la watu.

Jalada lilishakamilika. Mpelelezi, aliyekuwa ametoka likizo, alilifungua jana kwa ajili ya kulitia saini, akaiona picha ya mshitakiwa, akalifunga. Kisha akalifungua tena. Leo asubuhi alimwambia Koplo wapite mara moja kuangalia eneo la tukio. Koplo, aliyeifanya kesi hiyo peke yake tangu mwanzo, alikuwa amenuna njia nzima.

Aliyefungua geti alikuwa mwenye nyumba mwenyewe. Watu wote walimwita Bi Asali, hata wale waliokuwa hawamjui. Alikuwa amevaa aproni yake ya kijivu yenye mfuko mkubwa mbele, na miwani ameipandisha kwenye paji la uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliishusha miwani. Akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Wewe si Kijiti? Mtoto wa muosha chupa?"

"Ndiye mimi."

"Jamani, Kijiti." Alimshika mikono yote miwili. "Sasa jina lenyewe halikufai tena, mwanangu. Umejaa."

Koplo alikohoa, akageukia ukutani.

"Nimekuja kwa ajili ya Kobe, mama," Mpelelezi alisema.

Mikono ya Bi Asali ikalegea. "Nilijua tu. Haya, piteni. Chumba hakijaguswa."

Chumba cha kupimia kilikuwa cha mwisho kwenye ujia, chenye dirisha moja dogo. Mpelelezi alishangaa jinsi kilivyokuwa kidogo. Zamani kilikuwa kikubwa kama ukumbi. Meza ilikuwa ile ile, yenye kingo zilizolainishwa na viwiko. Kabati la muhuri lilikuwa pembeni, mlango wake umepakwa unga wa kuchukulia alama za vidole. Chini ya dirisha palikuwa na kreti la mbao, lile lile. Hapo ndipo walipokuwa wakikalishwa, yeye na mtoto wa Bi Asali, wakigombania upande wa karibu na meza ili waione gololi vizuri.

Katikati ya meza ilisimama chupa ya kupimia, nyembamba na ndefu kama mkono wa mtu mzima, iliyojaa asali.

"Nieleze tena," alimwambia Koplo. "Kama vile sijasoma."

Koplo alivuta pumzi. "Kila asubuhi, kabla ya kujaza chupa za kuuza, mpimaji anachota asali kwenye pipa, anajaza chupa hii na kutumbukiza gololi. Ikizama pole pole, asali ni nzito, inafaa. Ikikimbilia chini, ina maji, hairuhusiwi kutoka. Akitumbukiza anaita 'Imeingia.' Ikigusa chini anaita 'Imefika.' Anaita kwa sauti, ili wajazaji wajue."

"Siku ya wizi aliita?"

"Zote mbili. Nyumba nzima ilisikia, ila hakuna aliyepima muda. Hata yeye hakatai." Koplo alifungua jalada, akasoma. "'Nilitumbukiza gololi nikaita imeingia. Nikasikia naitwa getini. Nikatoka, sikuona mtu. Nikaenda mpaka kwenye kona ya barabara, nako hakuna mtu. Nikarudi, nikakuta gololi iko njiani bado. Ilipofika chini nikaita imefika. Kugeuka, naona kabati liko wazi.'" Alilifunga jalada. "Sasa, afande, niliuliza swali moja tu. Je, mtu anaweza kwenda kwenye kona na kurudi kati ya imeingia na imefika?"

"Na jibu?"

"Nikuoneshe." Koplo aliichukua gololi kutoka kwenye kisosi, gololi ndogo ya kioo yenye utepe wa kijani ndani yake, akaiachia juu ya chupa. Ilizama kwa upole, ikipita alama zilizochorwa kwenye kioo, ikatua chini. Mpelelezi hakuwa hata amemaliza kuvua kofia.

"Na siku ile ilikuwa haraka kuliko hivi," Koplo alisema. "Mchana wake nilijaribu hapa hapa, mbele ya mashahidi, kwa chupa hii hii na asali hii hii. Kwa muda huo mtu hafiki hata hapo mlangoni. Kwa hiyo hakutoka. Na kama hakutoka, hakuna mwingine aliyeingia. Mwizi ni yeye."

Ilikuwa kesi nzuri. Mpelelezi alikubali moyoni kwamba yeye mwenyewe angefunga jalada hapo hapo, kama asingekuwa amewahi kukaa kwenye lile kreti.

Mlangoni palisikika kicheko. "Kijiti! Mama kaniambia nikakataa." Alikuwa mtoto wa Bi Asali, ambaye wafanyakazi humwita Bosi Mdogo ingawa mvi zimeshamwanza. Shati lilikuwa limepigwa pasi vizuri, na mkononi alikuwa na kikombe cha chai. "Bado unafinya watu?"

"Wewe ndiye uliyekuwa unafinya."

"Basi tumesameheana." Alilitazama kreti, akatabasamu, na kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa wa yule mtoto. "Hii ya Kobe imetuumiza sana. Yule mzee kanifundisha kuendesha baiskeli."

"Asubuhi ile ulikuwa wapi?"

"Ofisini, pale mbele. Nilizisikia zote. Imeingia, imefika. Chai sikuwahi hata kuipuliza."

"Na aliyemwita getini?"

"Sikusikia mtu."

"Ofisi yako ina mlango wa pembeni?"

"Unao. Ukitaka nikuoneshe." Alijibu bila kubabaika, akanywa chai yake. Mpelelezi alimshukuru, akamwomba asiende mbali. Alipoondoka, Mpelelezi alilivuta kreti, akaketi. Magoti yalimfika karibu na kidevu.

"Afande, utachafuka."

"Koplo, kitu gani kinaifanya gololi izame haraka?"

"Uzito."

"Tukiweka ya chuma, ukubwa ule ule?"

"Itawahi."

"Na ya kioo, lakini kubwa?"

Koplo alikuna shingo. "Itachelewa. Asali itaizuia zaidi."

"Itawahi. Kweli inazuiwa zaidi, lakini uzito wake unakizidi hicho kizuizi. Tulikuwa tunazishindanisha hapa. Kubwa inashinda kila mara, na shanga ndogo inabaki katikati kama imesahau ilikokuwa inakwenda." Aliichota gololi kwa kijiko chenye mpini mrefu, akaiosha kwenye bakuli la maji, akaielekeza kwenye mwanga. Utepe wa kijani ulikuwa na mkunjo mmoja katikati. Aliufahamu mkunjo ule kama anavyofahamu kovu la goti lake. "Gololi haijabadilishwa. Chupa nayo ikiwa pana, gololi inashuka kwa nafasi. Ikiwa nyembamba, asali haina pa kupitia pembeni, inachelewa. Lakini alama hizi zimechorwa na marehemu mwenye nyumba, mume wa Bi Asali. Chupa ni ile ile. Kimebaki nini?"

Koplo aliitazama chupa kwa mara ya kwanza kana kwamba nayo ingeweza kusema uongo. "Asali."

"Asali."

"Lakini ni hiyo hiyo, afande. Nililetewa mezani na mama mwenyewe."

"Ulikuta iko mezani, au uliletewa?"

"Nililetewa. Alisema aliiondoa ili isimwagike, watu walikuwa wanapishana humu. Akairudisha kutoka jikoni."

Mpelelezi alisogea karibu na chupa. Asali ilikuwa angavu, mtu angeweza kusoma gazeti kwa kupitia humo. Asubuhi za baridi kama hizi asali ya nyumba hii haikuwahi kuwa hivyo. Huanza kuganda, hufanya punje punje chini na kuwa na ukungu, na mama yake alikuwa akilalamika kwamba chupa za msimu huu hukwanguliwa badala ya kuoshwa.

"Ulipoishika siku ile, ilikuwaje?"

"Kawaida tu." Koplo alifikiri. "Vuguvugu kidogo. Mama akasema ni jua la dirishani."

Mpelelezi aliinuka, akalifungua dirisha. Mbele yake, karibu kiasi cha kuugusa kwa mkono, palikuwa na ukuta wa jirani uliojaa kuvu. Koplo alichungulia. Akachungulia tena, akatazama juu, kipande chembamba cha anga.

"Hapa jua haliingii," alisema pole pole.

"Halijawahi. Chumba kilichaguliwa kwa sababu hiyo."

Koplo alivua kofia. Kununa kote kulikuwa kumemtoka, kukabaki uso wa kijana aliyeachia mlango wazi. "Basi ni yule Bosi Mdogo. Kaweka maji ya sukari humu."

"Nami nimewaza hivyo." Mpelelezi alichovya ncha ya kidole, akaonja. Ilikuwa asali ya kweli, haina shaka. Lakini ile harufu ya maua iliyotakiwa kuja mwisho haikuja. Mahali pake palikuwa na uchungu mdogo, wa kitu kilichokaa karibu na moto. "Si sukari. Twende kwenye pipa."

Pipa ambalo asali ilichotwa siku ya wizi lilikuwa bado stoo, nusu yake imebaki. Koki ilipofunguliwa asali ilifikiri kwanza, ndipo ikatoka, nene, yenye ukungu, ikijikunja kama kamba. Kujaza chupa ya pili iliyofanana na ile ya kwanza kulimchosha Koplo mkono. Waliirudisha kwenye chumba cha kupimia, na Mpelelezi aliishika gololi juu yake.

"Usiiondolee macho," alisema. "Usinisindikize, usijibu simu."

Akaiachia. "Imeingia," akaita kwa sauti, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. Zamani wakati mwingine Kobe aliwaachia wao waite. Alikuwa mtu asiyeharakisha kitu, na jina lake lilitokana na hilo, lakini wakati wa gololi alikuwa akiinama pamoja nao, shavu karibu na mashavu yao, kana kwamba naye hajawahi kuiona ikizama.

Alitembea ujia wote. Akatoka getini, akafuata ukuta mpaka kwenye kona. Muuza magazeti alimsalimu, akamwitikia. Alirudi kwa mwendo wa mtu aliyeitwa bure. Alipoingia, Koplo alikuwa ameinama, mikono kwenye magoti, hapepesi jicho.

"Iko wapi?"

Koplo alinyoosha kidole bila kugeuka. Gololi ilikuwa imening'inia ndani ya ukungu wa dhahabu, na chini yake palikuwa na nafasi ya kutosha kabisa.

"Inatembea, afande. Nimeikazia macho mpaka nikadhani imesimama. Lakini inatembea." Alijinyoosha mgongo. "Yule mzee alisema kweli."

"Alisema kweli. Alitoka, na mtu aliingia." Mpelelezi aliirudia chupa ya kwanza. Kwenye shingo yake, chini kidogo ya mdomo, palikuwa na uzi mweusi umefungwa mara moja na kukazwa. "Na huu?"

"Huo ulikuwepo tangu siku ile. Nilidhani ni pambo."

Mpelelezi aliugusa uzi ule. Marehemu mwenye nyumba alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka watoto wakaifanya wimbo, kwamba asali ya nyumba hii haioni moto. Ikitokea kwa bahati mbaya ikaona, iwe ilisahauliwa karibu na jiko au vipi, chupa yake ilifungwa uzi mweusi shingoni isije ikachanganywa na mbichi. Ilikwenda kwa watengeneza sabuni. Mama yake aliziosha chupa hizo mwisho, kwa maji ya peke yake. Na uzi ulifungwa na mtu mmoja tu, aliyeuweka kwenye mfuko wa aproni tangu alipokuja hapa akiwa mke mpya.

"Nenda ofisini kwa Bosi Mdogo," alimwambia Koplo. "Mkae, mwongee. Huo mlango wa pembeni ukae nao wewe."

Jikoni Bi Asali alikuwa anakunja matambaa. Hakuinua macho.

"Umeshaonja," alisema.

"Nimeonja, mama. Nani ameipasha?"

"Unajua hapa asali haioni moto."

"Najua. Ndiyo maana nauliza."

Bi Asali alikunja tambaa moja, akalikunjua, akalikunja tena vile vile. Ukutani nyuma yake, karibu na mlango, mistari ya penseli ya urefu wa watoto ilikuwa haijafutwa; mmoja wa mtoto wake, mwingine mfupi zaidi ulioandikwa K. Mpelelezi aliuona, akaondoa macho.

"Nilikuwa hapa hapa," Bi Asali alisema. "Nikamwona mwanangu kwenye mlango wa pembeni, kaziba mdomo kwa mkono, anaita jina la Kobe kama mtu wa mbali. Nikacheka. Nikajua ni utani wao. Kisha nikamwona anatoka chumba cha kupimia, na mfuko wa suruali umemvimba." Alichukua tambaa jingine. "Alikuwa ameshanieleza siku nyingi kwamba tunajichelewesha. Kwamba watu hawajui tofauti ya asali na maji ya sukari."

"Ukaiweka chupa kwenye maji ya moto."

"Kijana wako alipoanza kuulizia muda, ndiyo. Nilisema ikikimbia kidogo tu, maneno ya Kobe hayatashika." Alilisawazisha rundo la matambaa. "Mwanangu ana watoto, Kijiti."

"Na uzi?"

Hapo ndipo Bi Asali alipomtazama. "Uzi? Mkono uliufunga wenyewe. Niliitoa kwenye maji, nikaifuta, na mkono ukaenda mfukoni kama kila siku. Nilishakaza fundo ndipo nikashtuka."

"Ungeukata tu, mama. Nisingejua lolote."

"Niukate?" Alionekana kushangaa kweli kweli. "Halafu mtu aimimine pamoja na mbichi? Iende mezani kwa watu na alama yetu? Marehemu asingenisamehe hilo."

"Na Kobe?"

Bi Asali alirudi nyuma hatua moja. Aliketi juu ya matambaa aliyokuwa ameyakunja, akaanza kuuvuta uzi kutoka kwenye kibunda mfukoni, akiuzungusha kwenye kidole, akiuzungusha, mpaka ncha ya kidole ikawa nyeusi kwa damu iliyozuiwa. Mpelelezi alipiga magoti, akamfungua.

"Nitahitaji maelezo yako, kwa maneno yako mwenyewe," alisema. "Na muhuri."

"Uko chini ya kiti cha gari lake." Kisha akaongeza, "Naomba nimwite mimi mwenyewe. Asichukuliwe na mtu kabla sijamwita."

Mpelelezi alimruhusu. Bi Asali alisimama kwenye ujia, akamwita mwanawe kwa jina la utotoni, na yule mwanamume akaitika "Naam, mama" kutoka ofisini, kwa furaha, kama mtu anayeitwa kula.

Jua lilikuwa halijafika utosini Kobe alipotolewa selo. Walimrudishia mkanda na kamba za viatu kwenye mfuko wa karatasi. Aliketi kwenye benchi la mapokezi, akaanza kupitisha kamba tundu kwa tundu, hana haraka. Mpelelezi aliketi kando yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Kijiti. Wameniambia ni wewe."

Alimweleza yote, kwa kifupi, bila kuruka la chupa. Kobe aliendelea kufunga viatu. Alipofika kwenye habari ya maji ya moto vidole vilisimama, kisha vikaendelea.

"Bi Asali anasema chumba chako kiko kama ulivyokiacha," Mpelelezi alisema. "Anakuomba urudi. Analia, mjomba."

"Anajua kulia." Hakulisema kwa ubaya. Alisimama, akajifunga mkanda. Hata kwenye tundu la mwisho ulikuwa umelegea, akaushikilia kwa mkono. "Leo asali imepimwa na nani?"

"Haijapimwa."

"Basi waambie wasifunge chupa hata moja mpaka wampate mpimaji."

Alimpa Mpelelezi mkono. Kisha akatoka, akasimama barabarani akitazama upande wa kushoto, upande wa nyumba ya asali, na akaenda upande wa kulia.